Chai, Bata na Vitafunio: Habari za Meza ya Wakanton

Katika miji mingi mikubwa ya dunia, kuanzia London na New York hadi Singapore na Sydney, ipo mikahawa ya Kichina isiyo ya fahari. Meza zake ni za mviringo, nazo hutandikwa karatasi au plastiki. Kelele ni nyingi. Buli la chai huletwa kabla mteja hajaagiza chochote, na katika dirisha lielekealo barabarani hutundikwa bata waliookwa hata ngozi zao zikapata rangi ya mbao za mninga. Siku ya Jumapili huja jamii nzima, babu na wajukuu, wakala bata pamoja na vitafunio vidogo vidogo vilivyopikwa kwa mvuke katika vikapu vya mwanzi, kisha wakalipa fedha si nyingi wakaenda zao.

Mgeni aketiye hapo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba amekaribishwa katika chakula cha kale cha Uchina nzima, chakula kimoja kisichogawanyika. Sivyo. Hapo mezani zimekutana historia mbili au tatu ambazo kwa muda mrefu kila moja ilikwenda njia yake, na waliozikutanisha hawakuwa wafalme wala mawaziri, bali wakulima na mabaharia waliohama kwao kwa kukosa riziki. Tena sisi tufundishao lugha tuna sababu ya pekee ya kuitazama meza hiyo. Majina ya vyakula vyake, kama yanavyotamkwa London au New York, aghalabu hayakutoka katika lugha ya taifa la Uchina. Yalitoka katika Kikanton, lugha ya watu wa kusini, ambayo haijapata kuwa lugha ya taifa hilo. Jinsi lugha hiyo ilivyovuka bahari ikiwa ndani ya vikapu vya mwanzi, na jinsi ilivyo leo, ndiyo habari tunayotaka kuieleza.

Tuanze na chai, kwani yeye ndiye mwenye meza. Mkanton akitaka kumwalika rafiki yake kwenda kula vitafunio hasemi "twende tukale". Husema "yum cha", yaani kunywa chai. Chakula, hata kiwe kingi namna gani, huhesabiwa kuwa ni kisindikizo cha kinywaji. Jambo hili halipaswi kutushangaza. Kwetu pia mtu akikuuliza asubuhi kama umekwisha kunywa chai, hakuulizi habari za kikombe peke yake. Ataka kujua kama umetia kitu tumboni, na mandazi, chapati au mhogo vyote vimo ndani ya swali lake.

Neno lenyewe ni moja. Alama ya maandishi ya Kichina inayosimama badala ya chai husomwa "cha" katika Kikanton na katika lugha ya Beijing pia, lakini watu wa pwani ya Fujian, penye bandari ya Xiamen, huisoma "te". Matamshi hayo mawili yalitoka Uchina kwa njia mbalimbali. Waholanzi, ambao katika karne ya 17 walinunua chai kwa wafanyabiashara wa Fujian, walichukua "te", wakaisambaza Ulaya ya magharibi. Ndiyo asili ya majina ya kinywaji hiki katika Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Matamshi ya "cha" yalipita barani hadi Uajemi, yakapata mkia wa "-i" huko, yakaenea kwa Waturuki, Warusi na Wahindi, na kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi yakafika kwetu. Wareno ni tofauti kidogo. Wao walikaa Macau, mlangoni pa Wakanton, na hadi leo husema "chá" ilhali majirani zao wa Ulaya wanasema vingine. Basi Mswahili na Mwingereza wakikaa pamoja wakaagiza kinywaji hiki, kila mmoja kwa neno lake, wote wawili wametamka neno moja la Kichina.

Inafaa kukumbuka kwamba vyombo vilitangulia. Bakuli za Kichina zilifika pwani ya Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya majani ya chai kuwa kinywaji cha kila siku huko. Zimechimbuliwa Manda, Gedi na Kilwa, na katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi zilipachikwa ukutani kuwa pambo. Mpwani wa zamani alimpamba maiti wake kwa bakuli ya Kichina bila ya kujua, yamkini, ni kitu gani wenyewe walikuwa wakinywea humo.

Vitafunio navyo huitwa "dim sum". Neno hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni nukta, au kugusa kidogo. Ya pili ni moyo. Twaweza kulifasiri kuwa ni "kigusa-moyo". Sisi tuna kifungua kinywa, na wengine husema chamshakinywa. Lugha yetu imetazama mdomo, yao imetazama moyo. Hata hivyo mwalimu asilichukue jambo hili mbali sana. Kwa watu wa kaskazini ya Uchina neno hilohilo, likitamkwa "dianxin", ni kitafunio cha namna yoyote, hata keki kavu ya dukani. Ni Wakanton waliolifunga kwenye chai ya asubuhi, na ni Wakanton waliolipeleka ng'ambo likiwa na maana hiyo.

Kwa nini Wakanton? Sababu moja ni bandari. Mji wao mkuu ni Guangzhou, ambao wageni waliuita Canton. Tangu mwaka 1757 hadi 1842 mji huo ndio uliokuwa bandari ya pekee ya Uchina iliyoruhusiwa kufanya biashara na meli za Ulaya. Mahali penye bandari pana wachukuzi, mafundi, madalali, makarani na wasafiri, na watu hao wote wanahitaji kula nje ya nyumba zao. Katika karne ya 19 zilikuwapo huko nyumba za chai za hali ya chini kabisa, zilizojulikana kwa bei yake ya li mbili, sarafu ndogo mno. Zilikuwa na meza za mbao na mabao ya kukalia, na walioingia ni watu wa kazi nzito, wenye mitulinga mabegani. Humo mchukuzi alipata chai na kipande cha andazi kabla ya kwenda gatini. Wenye fedha hawakupenda kuonekana humo. Baadaye yakajengwa majumba ya chai yenye orofa mbili na tatu, na desturi ikawa kwamba kadiri mtu apandavyo ngazi ndivyo alipavyo zaidi. Jumba la Lianxianglou, ambalo Wakanton huliita Lin Heung, lilianza mwaka 1889 na lingali na sifa kwa sababu ya keki zake zenye ujazo wa mbegu za yungiyungi.

Msemo wa nyumba hizo ulikuwa "kikombe kimoja, vipande viwili": chai katika kikombe chenye mfuniko, na vitafunio viwili tu. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha mtu wa kawaida. Kwa vipande hivyo viwili aliweza kukaa asubuhi nzima, akasoma gazeti, akasikia bei za hariri na mchele, akatafutiwa kazi, akasuluhishwa na jirani yake. Wazee wengine walikuja na ndege wao ndani ya tundu, wakawatundika karibu na dirisha ili waimbe. Anayeijua baraza ya pwani, au vijiwe vya kahawa vya Kariakoo na Mombasa, atapaelewa mahali hapo mara moja. Tofauti ni kwamba baraza haina mwenyewe anayedai malipo.

Ushindani wa majumba hayo ndio uliozaa wingi wa vyakula tunaouona sasa. Katika miaka ya 1920 baadhi ya majumba ya Guangzhou yalianza kubadili orodha ya vitafunio kila juma, ili mteja arudi kuona kuna nini kipya, na mpishi asiyekuwa na jambo jipya alikuwa hatarini kupoteza kazi. Siku hizi kitafunio kinachompima mpishi kuliko vyote huitwa "har gow". Ni kamba aliyefungwa ndani ya ganda jeupe linaloangaza kama kioo cha barafu. Ganda hilo halitengenezwi kwa unga wa ngano wa kawaida, bali kwa wanga wake peke yake, baada ya kuondolewa ile sehemu inayovutika. Wanga huo humwagiwa maji yanayochemka, hukandwa ukiwa bado wa moto, kisha kila kidonge husukumwa kwa ubapa wa kisu kipana kisicho na makali hadi kiwe kama karatasi. Mpishi hukikunja ukingo kwa mikunjo saba au zaidi, mpaka kikafanana na kisahani kilichofungwa. Kikikaa katika mvuke dakika moja zaidi, ganda hupasuka. Kikitoka mapema, huwa kama gundi. Hakuna nafasi ya kuficha kosa, kwa kuwa vyote vilivyomo ndani vinaonekana.

Vingine tutavitaja kwa haraka. Pana "siu mai", kikombe kidogo cha unga kilichoachwa wazi juu, ambacho asili yake ni kaskazini. Pana andazi jeupe la mvuke lenye nyama ya nguruwe tamu ndani, pana utandu laini wa unga wa mchele uliokunjwa kama mkeka, na pana miguu ya kuku, ambayo kwanza hukaangwa, kisha hurowekwa, kisha hupikwa kwa mvuke mpaka ngozi ikavimba na kulainika. Wakanton huiita makucha ya ndege wa ngano zao, jina kubwa kuliko mguu wenyewe. Kwa wasomaji wasiokula nguruwe, na tunajua ni wengi, tuseme hivi: hata ile "har gow" ya kamba mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe kidogo ili iwe na ulaini, kwa hiyo ni vyema kuuliza kabla ya kula.

Adabu za meza hii nazo ni elimu. Mtu akikumiminia chai, humshukuru kwa kugonga meza taratibu kwa vidole viwili vilivyokunjwa, bila ya kukatiza mazungumzo. Yasimuliwa kwamba Mfalme Qianlong, aliyetawala kutoka 1735 hadi 1796, alipenda kusafiri kusini akiwa amejigeuza raia. Siku moja, wakiwa katika nyumba ya chai, alimmiminia chai mtumishi wake. Mtumishi hakuweza kupiga magoti kumsujudia bwana wake, kwani siri ingefichuka, basi akavipigisha magoti vidole vyake. Ni hadithi tu, wala hatuna haja ya kuithibitisha. Lakini watu husimulia hadithi namna hiyo pale wanapoipenda desturi yao kiasi cha kutaka iwe na babu mtukufu. Alama nyingine ni ya mfuniko. Buli likiisha maji mteja hapigi kelele. Huufunua mfuniko na kuuegemeza kando ya mdomo wa buli, na mhudumu hufahamu.

Sasa tumgeukie bata. Yeye ana makwao mawili.

Bata wa kaskazini ndiye mwenye jina kubwa. Maelezo ya kumwoka bata yamo katika kitabu cha Hu Sihui, mganga wa vyakula wa ufalme wa Yuan, kilichotolewa mwaka 1330. Nyumba ya Bianyifang huhesabu miaka yake tangu 1416 na huoka kwa tanuri lililofungwa. Nyumba ya Quanjude ilianzishwa Beijing mwaka 1864 na Yang Quanren, ambaye kwanza alikuwa muuza kuku na bata. Alinunua duka la matunda makavu lililofilisika, akaligeuza jina lake kinyumenyume, na badala ya tanuri la kufunga akatumia tanuri lililo wazi, ambamo bata hutundikwa mbele ya moto wa kuni za miti ya matunda. Bata huyo hupulizwa hewa kati ya ngozi na nyama, humwagiwa maji ya moto, hupakwa sukari ya nafaka, hukaushwa kwa saa nyingi, ndipo huokwa. Akisha kuiva hukatwa vipande vyembamba mbele ya wageni, navyo huliwa ndani ya chapati nyembamba pamoja na kitunguu cha majani na mchuzi mzito wa soya ulio mtamu. Alikuja kuwa chakula cha mabalozi. Mwezi wa Julai 1971, Henry Kissinger alipokwenda Beijing kwa siri, Zhou Enlai alimpa maneno makali juu ya siasa ya Marekani, kisha akakatiza akasema waende wakale, bata asije akapoa.

Bata wa kusini hana mabalozi. Yeye ni mtu wa barabarani. Mpishi humtia viungo tumboni, mdalasini, karafuu, tangawizi na soya, kisha humshona kwa sindano ili mchuzi usitoke. Humpuliza na kumkausha kama mwenzake, na kumpaka siki pamoja na sukari ya nafaka, lakini humwoka katika tanuri la mfano wa pipa. Hakatwi kwa madoido. Hulazwa juu ya gogo, akapasuliwa kwa shoka la jikoni pamoja na mifupa, akawekwa juu ya wali, na mchuzi wake wa tumboni ukamwagwa juu. Ni chakula cha mchana cha karani na cha kuli. Ngozi yake si kavu kama ya yule wa Beijing, ila nyama ina ladha mpaka mfupani, na sisi twaona kwamba anaonewa kwa kuitwa mdogo wa mwenziwe.

Kazi ya kuoka bata na kazi ya kupika vitafunio zilikuwa, na bado ni, ufundi wa watu mbalimbali. Muoka nyama hajui kukunja "har gow", wala mkunja "har gow" hagusi tanuri. Hapo kale hata maduka yao yalikuwa mbalimbali aghalabu: hapa nyumba ya chai, pale duka la nyama za kuokwa, kwingine jumba la karamu. Katika karne ya 20, Guangzhou na Hong Kong, mambo hayo yalianza kuingia chini ya paa moja. Ng'ambo, paa moja likawa lazima, na sababu yake ni historia ya uhamiaji, ambayo si tamu kama chakula chenyewe.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia, na haikufutwa mpaka 1943. Wafanyabiashara waliruhusiwa, lakini mwenye mkahawa hakuhesabiwa kuwa mfanyabiashara. Mwaka 1915 mahakama ikaamua kwamba naye anaweza kuhesabiwa hivyo kwa masharti fulani. Tangu hapo mikahawa ya Kichina ikaongezeka sana, kwa kuwa kufungua mkahawa kulikuwa mlango wa kumleta ndugu kutoka kijijini. Watu husema kwamba Wachina hupenda biashara ya vyakula, kana kwamba walizaliwa na miko mikononi. Tazama sheria kwanza. Nyumba ya chai ya Nom Wah, katika mtaa wa Doyers huko New York, ilifunguliwa mwaka 1920, ndani ya miaka hiyo ya mlango mmoja.

Uingereza ilikuwa na habari yake. Wachina wa kwanza wengi walikuwa mabaharia waliokaa Limehouse, karibu na magati ya London, na katika mji wa Liverpool. Waliwatumikia Waingereza melini katika vita vya pili vya dunia, na vita vilipokwisha, mwaka 1945 na 1946, serikali ikawarudisha Asia kwa siri mabaharia wengi wa Liverpool. Baadhi yao walikuwa na wake na watoto hapo mjini, na watoto hao walikua wakidhani kwamba baba zao wamewatupa. Limehouse nayo ilikuwa imebomolewa kwa mabomu. Waliobaki walishika kazi ya udobi, mpaka mashine za kufulia zilipoingia mitaani na kuiua.

Waliokuja baadaye walikuwa watu wengine. Katika miaka ya 1950 na 1960 bei ya mpunga wa Hong Kong ilianguka kwa sababu ya mchele wa bei rahisi kutoka Thailand, na wakulima wa vijiji vya bara vya koloni hilo hawakuweza kuishi kwa jembe. James L. Watson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, ameeleza habari za ukoo wa Man wa kijiji cha San Tin, karibu na mpaka wa Uchina. Watu hawa walilima mpunga mwekundu katika mashamba yenye maji ya chumvichumvi. Vijiji vingine vilipoacha mpunga vikapanda mboga, wao ardhi yao haikukubali. Basi wanaume wakaondoka, wakaenda kuwa wapishi na wahudumu wa mikahawa Uingereza na Uholanzi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1962 ilimtaka mhamiaji wa kutoka makoloni na nchi za Jumuiya ya Madola awe na kibali cha kazi, na kibali kilipatikana kwa urahisi kwa aliyekuwa na tajiri wa kumwajiri. Tajiri huyo alikuwa ami au binamu mwenye mkahawa. Hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyohamia jikoni.

Watu hao walitawanyika katika miji midogo ya Uingereza, mkahawa mmoja hapa na mmoja pale, ili wasigombanie wateja. Mpishi aliweza kukaa juma zima katika mji ambamo hakuna hata mtu mmoja wa kusema naye Kikanton ila wale wa jikoni mwake. Siku yake ya mapumziko alipanda gari moshi akaenda London, mtaa wa Gerrard katika Soho, ambako kodi ilikuwa nafuu na Wachina walikuwa wamekwisha kujikusanya. Huko alinunua mboga za kwao na magazeti, akapeleka fedha nyumbani, akanyolewa nywele, akanywa chai. Kile "kikombe kimoja, vipande viwili" kilichokuwa cha mchukuzi wa Guangzhou kikawa cha mpishi wa London, na kwa haja ileile ya kupata mahali pa kuketi, kuzungumza na kusikia habari.

Ndiyo sababu paa likawa moja. Mwenye nyumba alikuwa na kodi moja ya kulipa na wateja wa saa mbalimbali. Vitafunio viliuzwa tangu asubuhi hadi alasiri, bata wa dirishani aliuzwa mpaka usiku, kwa waketio na kwa wachukuao. Waingereza nao walipozoea kuingia, walitaka bata na chapati nyembamba waliyokuwa wameisikia sifa yake. Mkanton hakuwa na tanuri la Beijing. Akamchukua bata, akampika kwa mvuke pamoja na viungo, akamkaanga katika mafuta mpaka akakauka, akamchambua kwa uma mezani, na akamwandalia chapati na kitunguu kwa desturi ya kaskazini. Bata huyo ndiye anayejulikana sana Uingereza hata leo, na mtu wa Beijing akimwona huuliza ni nani.

Turudi kwenye lugha. Ingalikuwa majina ya vyakula husafiri kwa nguvu za serikali, dunia ingalisema "dianxin". Mwezi wa Februari 1956 serikali ya Uchina ilitoa agizo la kueneza lugha ya pamoja, yenye matamshi ya Beijing, na shule zikaagizwa kuifuata. Lakini mtu wa London, Sydney au San Francisco husema "dim sum", na chombo chake cha kukaangia hukiita "wok", kwa matamshi ya Kikanton, kwa kuwa aliyemhudumia alisema hivyo. Sisi tulio nje ya pwani hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Kiswahili kilifika Ujiji, kikafika ng'ambo ya Tanganyika na mto Kongo midomoni mwa wapagazi na wachuuzi, kabla ya kuandikiwa sarufi ya shule, na hata meza tunayoandikia makala haya ilipewa jina na Mreno.

Lakini lugha iliyokwenda kwa miguu ya wafanya kazi hutegemea miguu hiyo. Huko Guangzhou kwenyewe, mwezi wa Julai 2010, watu waliandamana barabarani kupinga shauri la kuifanya televisheni ya mji itangaze zaidi kwa lugha ya Beijing. Ng'ambo, wana wa wenye mikahawa wamesoma, wakawa madaktari na wahasibu, na hatuoni la kuwalaumu. Baba zao walikesha jikoni ili iwe hivyo. Wapishi waliochukua nafasi zao mara nyingi ni watu wa Fujian au wa kaskazini, ambao Kikanton kwao ni lugha ya kujifunza. Wale wanawake waliosukuma vigari vya vikapu kati ya meza, wakitaja kwa sauti kubwa jina la kila kitafunio, wamepungua sana. Kwa sauti zao mtoto aliyezaliwa ugenini aliyajua majina, kwani ilimpasa kusikia vizuri kabla kigari hakijapita.

Badala yake mteja hupewa karatasi na penseli. Vyakula vimeandikwa kwa herufi za Kichina na kwa Kiingereza, kila kimoja na namba yake. Mteja hutia alama, mhudumu huichukua karatasi na kwenda nayo jikoni, na vikapu huja vikiwa sahihi bila ya mtu yeyote kutamka neno.